Hisa za Sabuni ya Mama

Mama yangu alikuwa akiijaribu sabuni kwa ulimi. Alikata kipande chembamba pembeni mwa mche, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatulia kidogo. Ikichoma alisema, "Bado," na mche ule ukarudi kwenye chanja kukaa wiki nyingine. Isipochoma aliugonga kwa kidole, akasikiliza mlio wake, kisha akaniambia niupange kwenye tenga la kuuzia. Wageni walicheka wakimwona. Mie sikujua wakati ule kwamba ulimi ule ndio watu waliokuwa wakiuwekea mali yao.

Tulikuwa tukiishi Temeke, kwenye nyumba ya udongo na bati ambayo baba aliijenga kabla hajafa. Baba alikuwa kuli bandarini. Yeye na mama walitoka upande wa Lindi wakaja mjini pamoja, na alipofariki mie nilikuwa sijaanza shule. Mama akabaki na nyumba, na mtoto mmoja, na ujuzi aliofundishwa na shangazi yake huko kwao wakati wa vita vikuu vya pili, sabuni za dukani zilipoadimika na watu wakajifunza kujipikia kwa mafuta ya nazi. Alikuwa akipika uani kwenye sufuria kuukuu, akiwauzia majirani.

Chumba cha mbele alikipangisha. Mpangaji aliyekaa muda mrefu kuliko wote alikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi, Mkristo kutoka bara, mwenye mwanya na sauti ya kufika nyuma ya darasa. Mtaa mzima ulimwita Mama Mwalimu ingawa wakati ule hakuwa na mtoto. Alikuja na sanduku la bati na picha ya wazazi wake, na baada ya mwezi mmoja akawa anakula na sie. Mwezi wa Ramadhani alikuwa akichelewesha chakula chake hadi magharibi ili tufuturu pamoja. Krismasi mama alimpikia pilau. Walikuwa wakikaa barazani jioni, mmoja akisahihisha madaftari na mwingine akikuna nazi, na mara nyingi hawakusemezana kwa muda mrefu, wakiridhika tu.

Nilikuwa darasa la nne Azimio lilipotangazwa. Redio ya jirani ilikuwa ikilia mchana kutwa habari za kujitegemea, na Mama Mwalimu alikuwa akirudi kutoka kwenye mikutano akiwa amechangamka. Siku moja alimwambia mama kwamba sabuni ile haikuwa ya kuishia uani. Akina mama wangeweza kujiunga, kila mmoja akaweka kidogo, wakanunua mapipa na magadi makali ya viwandani, yale tuliyoyaita kostiki, wakapika sabuni ya kutosha Temeke nzima. Mama alisema yeye hajui mambo ya ushirika. Mama Mwalimu akamjibu kwamba hayo atayajua yeye, mama ajue sabuni tu.

Walianza hivyo, wawili, mama akawekwa mwenyekiti, na kila mmoja alikuja na sharti lake. La mama lilikuwa kwamba hakuna mche utakaotoka kabla haujakauka. La Mama Mwalimu lilikuwa kwamba wenye hisa wataambiwa kila kitu, na habari mbaya zitatangulia. Nakumbuka mikutano ile ya mwanzo, pale uani kwetu, wanawake wamekaa mikekani na watoto wao. Mama Mwalimu alikuwa akisimama na kuanza na yaliyoharibika: mafuta yaliyomwagika, pipa lililotoboka, mteja aliyelalamika. Wanawake walikuwa wakicheka wakimwuliza kama hana hata habari moja nzuri. Alikuwa nayo, lakini aliiweka mwisho.

Kilichotupa jina kilikuwa kosa. Msimu mmoja wa mvua mama aliugua homa, na wasaidizi wake wakapika mapipa mawili wakazidisha kostiki. Mama aliposimama tena, sabuni ile ilikuwa imeshapelekwa Mwananyamala, ambako tulikuwa na wateja wengi karibu na soko. Akachukua kipande kilichobaki akakigusisha ulimini, akakitema. Alijifunga khanga, akachukua tenga tupu, na Mama Mwalimu akamfuata. Nami nikawafuata.

Tulizunguka Mwananyamala siku nzima, na siku iliyofuata, nyumba kwa nyumba. Mama alikuwa akibisha hodi na kusema, "Nimekuja kuichukua sabuni yangu, haifai, itawaunguza mikono." Wengine walikuwa wameshaungua na wakamwonyesha. Mama aliishika mikono ile, akaitazama, akaomba radhi. Kisha Mama Mwalimu alieleza kosa lilivyotokea, bila kumtaja msaidizi yeyote, na kuahidi kwamba sabuni nyingine italetwa bure. Mwanamke mmoja alimwuliza mama kwa nini anajidhalilisha barabarani kwa kipande cha sabuni. Mama alishangaa kwa kweli. Alisema, "Sasa nikikaa nyumbani nitakuwa nafanya nini?"

Sabuni ya badala ilipelekwa ilipokauka, na habari zilikuwa zimetutangulia. Wanawake wa Mwananyamala wakaanza kuja Temeke kuulizia hisa, wakaja na dada zao na mashemeji zao. Kisha wakaja watu wa Kimbiji.

Kimbiji ni mbali, kule pwani ya kusini, barabara yake ikiwa mbovu hadi leo. Watu wake ni wavuvi na wakulima wadogo wa minazi, na siku zile walikuwa wakiuza mbata, nazi iliyokaushwa, kwa wachuuzi waliowapunja kila mwaka. Mzee mmoja aliyekuwa akisemea wakulima wenzake alikuja kwetu na vijana watatu wenye madumu ya mafuta begani. Alikuwa mfupi, mpole, mwenye kikohozi, na kofia ya kiua iliyofifia. Mama alimwamkia shikamoo, akamwandalia uji. Mzee akasema kwamba wamesikia habari za sabuni iliyorudishwa. Wao hawana fedha, ila wana nazi. Je, mafuta yanaweza kuwa hisa?

Mama Mwalimu aliona sawa, lakini akawa mwangalifu. Alimweleza kwamba ushirika ni mchanga, unaweza kuanguka, na mafuta yao yakapotea. Alimuuliza kama ameshawahi kuona jinsi sabuni inavyopikwa, asije akaweka mali kwenye jambo asilolielewa.

"Sie hatuijui sabuni, mwanangu," mzee alisema. "Tunawajua nyie."

Mama Mwalimu aliyarudia maneno hayo mara nyingi miaka ile, kwenye mikutano, kwa maafisa, kwa mtu yeyote. Aliyapenda sana. Mama hakuyapenda. Yalimtia hofu. Aliniambia kwamba mtu akikuamini hivyo huna tena siku ya kupumzika.

Basi ushirika ukakua. Tulipata banda kubwa Keko, lenye sakafu ya saruji na chanja hadi darini. Mie nilimaliza shule, nikaajiriwa palepale kusimamia chanja, kazi niliyoipenda kwa sababu ya harufu na utulivu wake. Afisa wa benki alikuja kutukagua tulipoomba mkopo wa mashine ya kukatia miche. Alikuwa kijana aliyevaa suti ya Kaunda, akimwita kila mtu ndugu. Aliuliza ubora unapimwa vipi, na mama akamkatia kipande akampa. Yule kijana alimtazama Mama Mwalimu akidhani anataniwa, kisha akaigusa sabuni kwa ulimi. Haikuchoma. Mama akamkatia kingine kutoka chanja ya juu, cha wiki ile, kijana akakitema mara moja akaomba maji. Mkopo ulipita. Baadaye alimwambia Mama Mwalimu kwamba ameshakagua miradi mingi ambayo kila kitu kilikuwa kizuri, na hii ilikuwa ya kwanza kuonyeshwa kilicho kibaya.

Hiyo ndiyo miaka ninayoikumbuka kwa furaha. Haikuwa mingi.

Baada ya vita vya Uganda bidhaa zikapotea madukani. Sabuni, sukari, khanga, dawa ya meno, vyote vikawa vya foleni. Watu walikuwa wakipanga mawe na vikapu mlangoni mwa duka la ushirika la mtaa tangu alfajiri, bila hata kujua kitakacholetwa. Wengine walifulia majani ya mpapai. Kostiki yetu ilitoka kwenye shirika la umma kwa kibali, na kibali kikawa kigumu kupatikana. Na sabuni yetu, ile kidogo tuliyoweza kupika, ililala kwenye chanja wiki kwa wiki ikikauka, huku watu wakisimama nje ya geti wakiiona kupitia nyufa za mbao.

Kila siku waligonga. Walitaka hata mbichi. Walisema wataikaushia kwao wenyewe. Mama alikataa. Alijua hawataikausha, wataitumia jioni ileile, na mche mbichi unakwisha haraka majini na unachubua ngozi.

Mama Mwalimu alikuwa na watoto wawili wakati huo, ameolewa na karani mmoja mpole, amehamia nyumba ya jirani. Jioni moja alikuja barazani kwetu akiwa amechoka. Alisema kwamba siku ile darasani kwake watoto nusu walikuwa na upele. Alisema hawezi tena kupita pale getini.

"Dada, watu hawana cha kuogea," alimwambia mama, "na sie tumeilaza sabuni juu ya mbao."

"Haijawa sabuni," mama alisema.

"Kwao ni sabuni. Wewe unalinda jina, wao wanataka kuoga."

Nilikuwa nikipepeta mchele karibu nao, na nakumbuka nilivyoona kwamba wote wawili wanasema kweli, na jinsi jambo hilo lilivyonitia unyonge. Siku zote nilikuwa nimezoea mmoja wao akiwa na haki na mwingine akikubali.

Mama Mwalimu, kwa kufuata sharti lake mwenyewe, alilipeleka jambo kwa wenye hisa. Mkutano ulifanyika ndani ya banda, watu wakikaa kwenye mapipa yaliyopinduliwa. Mie sikuwa na hisa, nilisimama mlangoni. Mama alisema maneno machache tu, kwamba sabuni mbichi itawarudia. Kisha wakasimama wanawake, mmoja baada ya mwingine, wengi wao wale wa Mwananyamala waliojiunga kwa ajili ya lile tenga. Walisema wana watoto. Walisema gawio halijatoka muda mrefu, na bidhaa imejaa ndani. Mmoja alisema waziwazi kwamba sasa hivi watu watanunua chochote, na nafasi kama hii haitarudi. Mzee wa Kimbiji, aliyekuja na wenzake wawili, alikaa kimya mpaka mwisho. Alipoulizwa alisema yeye anamfuata mwenye sabuni. Mikono ikanyooshwa, na mama akashindwa vibaya sana, na walioshindwa pamoja naye walikuwa watu wa Kimbiji tu.

Usiku wake mama alimwambia Mama Mwalimu kwamba anajiuzulu uenyekiti. Atarudi kupika uani. Mama Mwalimu alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alisema mama akiondoka wenye hisa watataka mali yao papo hapo, benki nayo itashtuka, na ushirika utakufa na watu wote waliouamini watapoteza. Alimwomba abaki kwa mwaka mmoja tu, mpaka mambo yatulie. Hatalazimika kufanya lolote. Abaki tu, watu wajue yupo.

Mama alibaki. Nadhani alibaki kwa sababu ya urafiki kuliko kwa sababu ya ushirika, maana hakuwa na mtu mwingine wa rika lake aliyemfahamu kiasi kile. Lakini hakuwa akienda tena Keko ila kwa nadra. Alikaa nyumbani akishona mikeka, na watu waliopita walikuwa wakimwita mwenyekiti, naye akiitikia bila kuinua uso.

Sabuni mbichi ilitoka ikaisha siku ileile. Watu walishukuru. Wiki za mwanzo hakuna aliyelalamika, au kama alilalamika basi foleni ilimfunika. Gawio likatoka. Wakaja wenye hisa wapya, watu wa mbali ambao hawakuwahi kumwona mama akigusa sabuni kwa ulimi, ila walikuwa wamesikia. Walikuwa wakisema, "Ule ni ushirika wa yule mama aliyezunguka Mwananyamala." Walizijua habari za lile tenga kuliko sie tuliokuwepo. Nilipowasikia nilijisikia vibaya, na bado niliwaandalia chai na kuwaelekeza kwa Mama Mwalimu.

Kisha mafuta yakapungua. Mvua zilikuwa mbaya, na minazi ya Kimbiji haikuzaa vizuri. Mie niliona malori yakileta magunia ya udongo mweupe, ule unaochimbwa Pugu, nikaambiwa ni wa kusiriba kuta za banda. Kuta zilisiribwa kweli. Magunia mengine yakaendelea kuja.

Mama aligundua kwenye beseni la kwetu. Alikuwa akifua khanga zake kwa mche nilioleta kutoka kazini, na alipomwaga maji aliona utelezi mweupe umetulia chini. Aliuchukua kwa vidole akausugua. Akaweka ulimini. Kisha akaniita, akaniambia nikamwite Mama Mwalimu, na niseme ni yeye anaita, si mwenyekiti.

Mama Mwalimu alifika akiwa bado na chaki mikononi. Aliliona beseni akaelewa. Hakukana hata kidogo. Alisema udongo ule haumdhuru mtu, kwamba hata viwanda vikubwa vinaongeza vitu, na kwamba alitaka tu wavuke msimu mpaka nazi zizae tena. Wenye hisa walikuwa wakidai gawio kama la awali. Viongozi wa kata walikuwa wakituma watu kila wiki kuchukua makatoni, na bila makatoni yale kibali cha kostiki hakingetoka. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, isiyokuwa yake.

Mama alimuuliza swali moja. "Uliwaambia kwenye mkutano?"

Mama Mwalimu hakuwa amewaambia. Alitazama chini. Nadhani hilo ndilo lililomwumiza mama kuliko udongo. Sharti lake yeye lilikuwa limevunjwa kwa kura, hadharani, naye alikuwepo. Sharti la Mama Mwalimu lilivunjwa na Mama Mwalimu mwenyewe, peke yake, bila mtu yeyote kunyoosha mkono.

Kesho yake mama alijifunga khanga akachukua tenga. Nilimfuata kama zamani. Tulianza Temeke, tukaenda Tandika, tukaenda Mwananyamala. Lakini sasa sabuni ilikuwa imesambaa mno, imefika mahali ambako hakuna aliyetujua, imeuzwa na kuuzwa tena kwa walanguzi. Wengi waliokuwa nayo hawakutaka kuirudisha, kwa sababu hakuna nyingine ya kupewa na bora hiyo kuliko kukosa kabisa. Walimsikiliza mama kwa huruma. Mwanamke mmoja, aliyekuwa miongoni mwa wale walioungua mikono zamani na kisha akanunua hisa, alimkaribisha ndani akampa maji. Alisema kwa upole kwamba udongo ameuona tangu zamani. Hakusema kitu kwa kuwa alidhani mwenyekiti anajua. "Nikajiambia, kama yeye kakubali, basi hapana budi."

Mama aliliweka tenga chini. "Turudi nyumbani," aliniambia. Hatukuendelea tena.

Habari zikaenea zenyewe. Hapakuwa na ugomvi wala kesi. Wenye hisa walianza tu kuja mmojammoja kuulizia mali zao, kwa adabu, wakianza na habari za nyumbani. Afisa wa benki, yule yule kijana, sasa akiwa na kitambi, alikuja kukagua na hakuomba kuonja. Aliandika mambo yake akaondoka. Mkopo wa pili tuliokuwa tukiutegemea haukuja. Watu wa Kimbiji waliacha kuleta mafuta bila kutoa taarifa yoyote. Msimu ulipokuwa mzuri tena, nazi zao zilipita kwa wachuuzi walewale wa zamani.

Mama aliamua kwenda Kimbiji. Tulivuka kwa pantoni, tukapanda lori la mkaa lililokuwa likirudi tupu, tukafika tumejaa vumbi. Mzee alikuwa amedhoofika, amelala kitandani nje ya nyumba yake kwa ajili ya upepo. Walitupokea vizuri kupita kiasi. Tulichinjiwa kuku, tukapikiwa wali wa nazi, wanawake wakamsifu mama kwa kuja mbali. Mama alijaribu mara kadhaa kuanzisha habari ya ushirika, na kila mara mtu alimwongezea mchuzi.

Mwishowe alikaa karibu na kitanda cha mzee akamwambia kwamba amekuja kuomba radhi. Alimweleza yote, na hakumtaja Mama Mwalimu kwa ubaya. Alisema alibaki na cheo wakati kazi alishaiacha, na watu wakakitazama cheo wakadhani kazi ipo.

Mzee alikohoa kwa muda. "Mie sikukasirika kwa ajili ya mafuta," alisema. "Nazi zinaota nyingine. Lakini ulitakiwa uje utuambie siku ile ulipoacha. Tungeacha wote."

Mama alisema ndiyo. Njiani kurudi, juu ya lori, alijifunika uso kwa khanga dhidi ya vumbi.

Banda la Keko lilirudishwa kwa mwenyewe, mashine ikachukuliwa na benki. Wenye hisa wa Temeke walipata kidogo kutokana na mapipa na mbao. Wa Kimbiji hawakuja kuchukua chao. Mama Mwalimu aliomba uhamisho akapelekwa shule ya mbali, huko bara, na siku ya kuondoka alikuja kuaga. Mama alimpa mkeka. Waliagana kama watu waliokutana safarini, wakitakiana heri na kuulizana habari za watoto. Baada ya hapo salamu zililetwa mara moja moja na wasafiri, na mama alikuwa akizipokea akiitikia kwa kichwa.

Mama alipika tena sabuni uani, sufuria moja moja, kwa majirani tu. Nilipomwambia kwamba mambo yamefunguliwa, kwamba sasa mtu anaweza kuanzisha kampuni, na kwamba bado wapo wanaomkumbuka, aliniambia nianzishe mie kama nataka, ila nisitumie jina lake. Nilijaribu na wanawake wenzangu wachache. Tulipokwenda kuomba watu wajiunge, wazee waliniuliza kama mie ni binti wa yule wa sabuni. Niliposema ndiyo, nyuso zao zilibadilika kwa namna ambayo sikuweza kuisoma. Wengine walitabasamu kwa mapenzi ya kweli. Hata hao hawakujiunga.

Mama alifariki kwa uzee, nyumbani, mchana. Nilituma habari kwa Mama Mwalimu kupitia mtu, na jibu halikuja.

Niliwahi kumwona mara moja baadaye. Mwanawe alikuwa amejenga Mbweni, kwenye nyumba mpya zilizokuwa zikichipuka kule pwani ya kaskazini, na alikuwa amemleta mama yake kuishi naye. Nilimkuta kwenye kiti sebuleni, mzee sana, amepungua mwili, mwanya wake umebaki. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono akanizuia nisiuondoe. Tuliongea habari za Temeke, nani kafa na nani kahama. Kisha akasema, bila mie kumwuliza, kwamba amefikiri sana miaka yote.

"Mama yako alikuwa sahihi kuhusu sabuni," alisema. "Kuhusu wale watoto wenye upele, mpaka leo sijui. Lakini nilitakiwa niwaambie watu juu ya udongo. Ningewaambia, wangekubali, unajua? Wangekubali wote. Sijui kwa nini nilificha."

Aliniuliza kama mama alikuwa akimtajataja kabla hajafa. Ningeweza kusema ndiyo, na ingemfaa. Lakini alikuwa ameniuliza akinitazama usoni, kama mwalimu, na nikamwambia kwamba hakumtaja.

Alitikisa kichwa polepole, akauachia mkono wangu. Akamwita mjukuu alete chai, akaniambia nikae karibu na dirisha kwa sababu pale pana upepo.